Barua ya wazi kwenu mnaouguza wazee: kolesteroli iliyooksidika na virusi

Wanangu na wajukuu zangu, hamjambo.

Nawaandikia nyie mnaouguza wazazi wenye sukari, presha na mafuta mengi kwenye damu, maana zile sauti zinazozunguka kwenye magrupu zimenichosha. Mmoja anasema kolesteroli ndo inaalika virusi mwilini kwahiyo mzee asiguse mafuta kabisa, mwingine anauza vidonge vya kuzuia oksidesheni anasema ukimeza virusi havikugusi. Wote wawili wameshika kipande tu cha habari, na anayeumia ni mgonjwa.

Kolesteroli ipo kwenye utando wa kila seli mwilini, bila hiyo mtu haishi. Ikipachikwa oksijeni, ndo kuoksidika kwenyewe, inabadilika, ila kuna kubadilika kwa aina mbili na hapa ndo wengi wanapotea.

Ya kwanza mwili unaifanya wenyewe, kwa makusudi. Kirusi kikiingia, seli iliyovamiwa inatoa interferoni kuwashtua wenzake, basi seli za kinga zinawasha kimeng'enya kinachoichukua kolesteroli na kuipachika oksijeni mahali maalum, kwenye kaboni ya 25, inapatikana 25-hidroksikolesteroli. Mwaka 2013 ilionyeshwa maabara kwamba hii inazuia virusi vingi tu, VVU, Ebola, homa ya Bonde la Ufa, na 2020 ikaonekana inazuia na vya korona, kwenye seli za maabara lakini, hapo tuelewane. Inavyofanya kazi sasa: kirusi chenye ganda la mafuta lazima kiunganishe ganda lake na utando wa seli ndo kipite, na kuungana huko kunataka kolesteroli iliyo huru pale juu. Hii 25 inafanya ile kolesteroli ivutwe ndani ya seli ikahifadhiwe, kirusi kinafika, kinashika kipokezi chake, yaani kile kishikio juu ya seli, vizuri kabisa, halafu kinakwama hapohapo nje. Mimi jambo hili bado linanishangaza kila nikilifikiria.

Ya pili haina mpango wowote, ni kama chuma kushika kutu. Moshi wa sigara, sukari iliyopanda kila siku, mwili unaowaka ndani kwa ndani miaka na miaka, vyote hivyo vinaoksidisha kolesteroli ovyo, na mojawapo ya mazao yake ni 7-ketokolesteroli ambayo ni sumu kwa seli. Chembe nyeupe za damu zikikutana na LDL, ile wanayoiita kolesteroli mbaya, iliyoharibika hivi zinaila na hazijui kushiba, zinajaa matone ya mafuta mpaka kwenye hadubini zinaonekana kama povu, zinabaki zimeganda kwenye ukuta wa mshipa. Mzee anaishi na mishipa hiyo bila habari, siku mafua makali yanakuja, mwili mzima unawaka, damu inakuwa rahisi kuganda, lile gamba la mafuta lililojengeka kwenye ukuta wa mshipa linapasuka. Utafiti wa Kanada uliotoka 2018 ulikuta ndani ya siku 7 za mwanzo baada ya mtu kuthibitika ana mafua ya influenza, uwezekano wa mshtuko wa moyo unapanda kama mara 6. Kwahiyo mkisikia mtu alikuwa na mafua tu halafu moyo ukamchukua, msikimbilie kumtafuta mchawi.

Na wa korona je? Mwaka 2020 watafiti wa Italia walipima damu za wagonjwa wakakuta 27-hidroksikolesteroli, ndugu wa ile ya kinga, imeshuka karibu nusu kwa waliozidiwa, huku 7-ketokolesteroli imepanda. Hiyo haithibitishi kwamba ndo iliyowazidisha, inaweza kuwa ni matokeo ya ugonjwa wenyewe, na anayewauzia dawa kwa kutumia habari hiyo anawadanganya.

Sasa nawaomba. Mzee anayetumia statini, zile dawa za kushusha kolesteroli, akishikwa na homa msimwachishe kwa kusikia sauti ya mtu, muulizeni daktari wake. Msimpime kolesteroli akiwa kitandani na homa mkashangilia imeshuka, maambukizi yenyewe yanashusha LDL na hata HDL, ile wanayoiita kolesteroli nzuri, subirini apone wiki kadhaa ndo mpime. Vidonge vya vitamini E, ambavyo ni vya kundi hilohilo la kuzuia oksidesheni, vimejaribiwa kwa maelfu ya watu wenye hatari ya moyo na havikupunguza mshtuko wa moyo, hiyo hela mwekeeni kwenye dawa yake ya sukari. Mafuta yaliyokaangiwa tena na tena mpaka yakawa meusi yamwageni. Anayevuta sigara ndani ya nyumba yenye mzee atoke nje, na nyie wenyewe muache. Chanjo ya mafua achome kila mwaka kama inapatikana, kwa mgonjwa wa moyo hiyo ina faida iliyopimwa.

Na wiki ile ya mafua msimwache peke yake. Akisema kifua kinambana, au mkono umekufa ganzi upande mmoja, au mdomo umepinda, msisubiri asubuhi, mpelekeni hospitali usiku huohuo na mkifika mwambieni daktari kwamba alianza na mafua na ni siku ya ngapi.