Bamvua ya Januari kule Snettisham

Salma mwenzangu,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia Januari utakuwa Norfolk, Uingereza, na utapata asubuhi moja ya kutazama ndege. Umeuliza kama usubiri siku ya jua. Usisubiri. Mwezi huo kule jua huchomoza karibu saa mbili, saa kumi limeshazama au linakaribia kuzama, na katikati yake mara nyingi ni wingu zito. Chagua siku kwa mwezi na maji, kama wavuvi wa kwetu.

Nenda Snettisham, hifadhi ya ndege iliyo upande wa mashariki wa ghuba ya Wash. Kati ya kujaa na kupwa, bamvua ya kule (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) hupanda zaidi ya mita 6, na hujaa saa kumi na mbili hadi saa mbili hivi, si saa kumi kama Mombasa. Matope yakifunikwa yote, ndege hawana pa kusimama, basi huruka wakavuka ukingo wa kokoto na kutua kwenye mashimo ya zamani ya kuchimbia kokoto, ambayo sasa ni maziwa. Siku za maji mafu, yaani maji yasiyojaa sana, matope hubaki wazi, nao ndege hubaki huko mbali. Utaona vidoa tu. Wasimamizi wa hifadhi hutangaza tarehe nzuri kila mwaka. Kati ya hizo tafuta siku ambayo maji yanajaa karibu saa mbili, maana yakijaa saa kumi na mbili yatakukuta gizani.

Tena chukua bamvua ya mwezi mwandamo, usichukue ya mwezi mpevu. Mabata bukini wenye miguu ya waridi, waliotoka Iceland na Greenland, hulala kwenye matope na alfajiri hupita juu yako wakienda mashambani kula mabaki ya viazisukari. Mwezi uking'aa hula usiku, na hapo huwezi kujua watapita saa ngapi.

Hali mbaya ya hewa ina faida yake. Mgandamizo wa hewa ukishuka milibari 1, bahari hupanda kama sentimita 1, na upepo wa kaskazini huyasukuma maji ndani ya ghuba, hivyo yanaweza kujaa kuliko jedwali la maji linavyosema. Kinachoharibu kabisa ni ukungu. Ukiuona kwenye utabiri, ahirisha. Upepo wa magharibi nao utakupiga usoni pamoja na mvua, kwa sababu pale unatazama magharibi.

Chukua darubini ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi za milimita 42), si ya 10x42: penye mwanga hafifu ile ya kwanza huona vizuri zaidi. Ile kubwa ya miguu mitatu iache kwenye 20 au 25. Ukiivuta hadi 60 utapata kiza na mtikisiko. Ishushe miguu, uning'inize mkoba katikati. Lenzi ikirukiwa na maji ya chumvi usiifute kwa mkono wa koti, mchanga utaikwaruza. Imwagie maji yasiyo na chumvi kwanza, ndipo ufute.

Kutoka maegesho hadi mahali pa kutazamia ni kama kilomita 2 kwa miguu, kwa hiyo shuka garini mapema, uwe umesimama saa nzima kabla maji hayajajaa. Usikanyage matope hata kidogo: mikondo hujaa nyuma yako kabla hujaiona.

Watazame hasa wale vitwitwi wa kijivu wanaoitwa knot. Hapo matopeni walikuwa wakidona vikome vidogo na kuvimeza vizima. Firigisi ndiyo inayovunja gamba. Maji yakiwasogeza hukusanyika bega kwa bega hadi kokoto haionekani. Kisha kundi zima hunyanyuka kwa pamoja, likageuka, kijivu kikawa cheupe, na mabawa yakavuma kama mchanga mkavu unaomwagwa mkekani. Wakinyanyuka ghafla na kujikunja kama tonge, angalia juu, huenda kozi yupo. Yule mnene anayeonyesha weusi kwapani akiruka, anayeitwa grey plover, utamtambua, maana ndugu zake unawaona Mida Creek, pwani ya Kenya, miezi hiyo hiyo.

Ukirudi chumbani, iache darubini ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto la nyumba. Ukiitoa mara moja, umande utatanda kwenye kioo.

Wako,
Mwanaisha