Kaka Kulwa, sigara nimeacha, bani sijengi

Leicester, 23 Agosti 2025

Kaka Kulwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, shule zimefungwa, watoto wako ndani wananimaliza masikio. Mama Nyamizi anakusalimu. Ujumbe wako wa kutaka nitume hela ya kujenga bani, banda la kukaushia tumbaku, niliupata, na ule wa pili wa kuniuliza kama nimeupata wa kwanza niliupata pia. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye kundi la ukoo kila neno linajibiwa na watu kumi na mmoja, na wewe ukipigiwa simu unaweka spika. Mengine humu si ya spika.

Nimeacha sigara. Leo ni siku ya 166. Niliteleza mara moja, siku ile ya taarifa ya Mjomba, nikavuta moja na Mpolandi wa zamu yetu, lakini siku hiyo nimeihesabu humohumo na sitaki ubishi.

Najua unacheka. Cheka, lakini sikiliza na hili, maana linakuhusu. Miaka yote hii watoto hawakujua kama navuta. Nikibanwa nilikuwa nachukua simu, nasema, "Natoka kidogo, naongea na baba mkubwa Kulwa," naenda nyuma kwenye mapipa ya taka. Nilikuwa navuta kumi na tano kwa siku. Kwa hiyo kwa hesabu ya Nyamizi wewe ulikuwa unapiga kabla ya uji, baada ya uji, nikirudi kazini, nikimaliza kula, na usiku tena wa manane. Mwezi wa pili akaniuliza, "Baba, baba mkubwa anaumwa? Mbona hawezi kukaa bila kuongea na wewe?" Nikamwambia haumwi. Akaninusa mkono. "Na mbona simu yake inanuka?"

Sikulala siku hiyo. Tarehe 10 Machi, Jumatatu, nikaenda kwa wale wanaosaidia watu kuacha. Huku ni bure. Wakanipulizisha kwenye kidude kinachopima ile gesi ya jiko la mkaa, inayoua watu waliolala wamefunga madirisha. Kumbe mvutaji anatembea nayo kifuani. Ikasoma 21. Baada ya wiki nne nikapuliza tena, ikasoma 2. Karatasi nimeibandika kwenye friji, na mgeni yeyote akija kunywa chai lazima aisome. Wanasema ukifika siku 28 bila kuvuta, nafasi ya kuacha moja kwa moja inakuwa mara tano zaidi. Mimi nilizifika 28 nikiwa zamu ya usiku, kaka, wenzangu wote wako nje wanawasha. Nani kwenye ukoo wetu angeweza? Usinitajie Doto.

Hizo wiki za mwanzo sitazisimulia sana. Wiki ya pili Maganga alimwaga maziwa, nikamfokea kwa sauti ya Baba, ileile unayoijua, mtoto akajificha nyuma ya kochi. Nikamwomba radhi. Baba hakuwahi kutuomba radhi, mimi nilipiga magoti. Basi.

Nilichojifunza ni kwamba arosto yenyewe haidumu. Inakuja kama mtu anagonga mlango kwa ngumi, lakini ukimwacha dakika tano hivi anaondoka. Kazi ni kujua hizo dakika utafanya nini. Maganga anashika saa, mimi napanda na kushuka ngazi, yeye anahesabu kwa kelele. Walinipa na bigijii yenye nikotini. Mimi nikaitafuna kama bigijii ya dukani, kwikwi ikanishika mchana kutwa. Yule dada anayenisaidia kuacha akanieleza: tafuna kidogo mpaka iwashe, kisha iegeshe shavuni utulie. Nikamwambia kumbe ni ugoro! Bibi angelikuwa hai angewafundisha hawa kazi.

Ila kilichoniokoa hasa ni nywele za Nyamizi. Mikono ilikuwa haijui pa kukaa, ikawa inatafuta paketi mfukoni yenyewe. Jioni moja Mama Nyamizi alikuwa kazini, mtoto nywele zimesimama, nikajaribu. Kaka, vidole vilijua! Ni kama kufunga majani kwenye vijiti: unashika, unazungusha, unavuta, unaongeza. Sasa hivi namsuka twende kilioni iliyonyooka kama matuta ya shamba la Mzee, na mama mmoja Mkongo hapa jirani ameniletea binti yake nimsuke. Kwa hela. Nimekataa hela, lakini wewe jua tu kwamba nilipewa.

Sasa niseme la moyoni. Wewe ndiye uliyenisokotea ya kwanza. Zamu yetu ya kuchochea moto kwenye bani, mimi nina miaka kumi na miwili, usingizi umenishika. Ukachukua majani yaliyokwisha kauka, ukayasaga kiganjani, ukasokota kwenye gazeti, ukaniambia usingizi utaruka. Uliruka kweli, nilitapika mpaka kukakucha. Miaka ishirini na tisa imepita. Halafu ni wewe huyohuyo uliyechukua picha yangu ya sherehe ya Krismasi, ukaikuza kwa vidole mpaka fegi ikaonekana, ukampelekea Mama. Mama akanipigia analia, anauliza nani kanifundisha. Nikanyamaza. Mpaka leo anadhani ni Wazungu. Sikukutaja, na sitakutaja, lakini nawe punguza maneno kwenye kundi kwamba "Shija amekuwa Mzungu, amesahau kilichomlea".

Sijasahau. Hizo plasta za nikotini walizonibandika begani ili niache, ya miligramu 21 wiki sita, kisha 14, kisha 7, dawa yake inaingia kwa kupitia ngozi. Yule dada alipokuwa ananieleza nilibaki namtazama tu. Unakumbuka asubuhi za kuchuma, majani yana umande, shati limelowa mpaka mgongoni, kichwa kinazunguka, tunatapika kando ya tuta, na Baba anasema ni njaa? Haikuwa njaa. Ilikuwa nikotini ya majani mabichi, inaingia kwenye ngozi iliyolowa. Tulibandikwa plasta mwili mzima tukiwa watoto. Na kila nikilala na plasta naota bani, moto unazima, wewe umelala, mimi nakuamsha huamki. Mpaka wakaniambia niitoe usiku.

Doto aliniambia kwamba Kabula wako naye alitapika Februari, wakati wa kuchuma. Wewe hukuniambia. Wewe uliniambia bei ya mabati.

Kwa hiyo bani sijengi. Najua utakachosema: viatu vyangu vya kwanza vilitoka kwenye robota la tumbaku, kidato cha nne kimetoka kwenye robota, hata tiketi ya ndege. Ni kweli na sina cha kujibu. Nikipita dukani hapa, paketi moja ya sigara 20 ni zaidi ya pauni 15, naiangalia nakumbuka Baba anarudi sokoni, daraja la tumbaku yake limeshushwa, deni la mbolea limekatwa na chama, mkononi amebakiwa na kilo mbili za sukari. Mahali fulani kati ya yeye na hili duka, hizo pauni zinabaki kwa watu. Nami nilikuwa nazirudisha kwao kila siku, tena kwa furaha.

Usipige hesabu ya nilichookoa, nimeshapiga mimi. Ni pauni 1,800 na ushee, na nyingine zimekwenda kwenye viatu vya hawa watoto, miguu yao inakua kama mihogo. Hela ya sare na godoro la Kabula nimeituma kwenye simu ya Doto. Ndiyo, ya Doto, wewe ndiye uliyenifundisha. Humo kuna ya glavu na makoti ya plastiki, na asichume mtoto mpaka umande ukauke. Ukisema mizinga ya nyuki, hata ishirini, nitatuma bila kuuliza swali. Asali ya huko naikumbuka mpaka ulimi unauma. Huku ile ya chupa ni maji yenye sukari.

Juzi Nyamizi aliniuliza tena. Ameona sitoki nje siku nyingi. "Baba, mmegombana na baba mkubwa?" Nikasema hapana. Ni uongo wa pili nausema kwa jina lako, na huu unaniuma kuliko ule wa kwanza.

Jumapili saa kumi jioni ya kwenu nitapiga. Sitatoka nje. Nitakaa mezani na watoto wote wawili, nawe weka spika utakavyo, Mama awe karibu. Bani tusilitaje.

Mdogo wako,
Shija