Taarifa ya mwaka 2025 ya mwenyekiti kwa wanachama: chanjo, simu na ile pesa ya pilau

Assalamu alaikum ndugu zangu, na wengine wote hamjambo.

Shughuli zetu za mwaka, sisi wahudumu wa afya ya jamii huku Lamu, mnazijua, mlikuwemo. Nyumba kwa nyumba tumezunguka, kampeni ya kitaifa ya Julai ya surua-rubela na homa ya matumbo tumeifanya japo upepo wa kusi ulikuwa mkali na boti za Kizingitini na Kiunga zikasumbua, mafunzo ya simu Mokowe pia yalifanyika. Hayo yatosha.

Sasa nije kwa lile linalosemwa barazani bila mtu kuniambia mimi, kwamba pilau imekosekana kwa sababu yangu. Ndio, mimi ndiye niliyetoa rai pesa ya pilau ya mwisho wa mwaka inunue pawabanki na bando. Kamati ilikaa, waliokuja wakakubali, na kama hukuja mimi nikufanyeje?

Simu tulizopewa programu yake inafanya kazi hata bila netiweki, data inakaa ndani mpaka ufike penye mawimbi itume yenyewe, lakini simu ikizima ndio basi. Mtu yuko Ndau ama Mkokoni, nyumba ya tano chaji imekwisha, anaandika kwa karatasi, karatasi inalowa mashuani, mwisho wa mwezi anajaza kwa kukumbukakumbuka. Hiyo si data, hiyo ni hadithi ya sungura.

Halafu kuna dago, kambi ya wavuvi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mvuvi anaondoka na familia, mtoto kapata penta, ile chanjo ya magonjwa matano, ya kwanza ya wiki 6 huko Faza, za wiki 10 na 14 kadungwa Kiunga, kijitabu cha mama kimeandikwa sawasawa, ila daftari la Faza linamwita mtoro. Tunahangaika kumtafuta mtoto ambaye hajapotea na mamake anakasirika, ana haki. Chukulia watoto 50 wamepata penta ya kwanza na ya tatu wamemaliza 40, hapo umepoteza asilimia 20, na ikishapita asilimia 10 wakubwa wanauliza kulikoni huko. Lakini kama katika hao 10 kuna 6 waliochanjiwa dagoni, waliopotea kweli ni 4, asilimia 8, na hilo atalijua tu yule aliyefunua kijitabu akaingiza kwenye simu palepale. Nguvu yetu ingekwenda kwa hao wanne, na kwa surua ya pili ya miezi 18, maana akina mama wakishamaliza ile ya miezi 9 wengi hudhani kazi imekwisha. Pilau ingetupa hayo?

Na wanaosema pawabanki ziko kwangu, ziko kwangu kwa sababu ofisi hatuna. Njoo uchukue, utie sahihi, urudishe. Moja mpaka leo haijarudi na aliyenayo anajijua.

La kutuma majina ya watoto kwenye grupu la WhatsApp nililikataza na bado nalikataza. Data ya mtoto kwa sheria ya ulinzi wa data ya 2019 yataka ruhusa ya mzazi, na grupu lenyewe lina watu ambao hata si wahudumu, sijui waliingiaje. Niliitwa mkali, sawa.

Hesabu: wanachama 42, ada shilingi 100 kwa mwezi, ilitakiwa 50,400, imeingia 23,700, deni 26,700. Pawabanki 6 ni 15,000, bando 6,000, imebaki 2,700. Hiyo ndiyo pesa mnayogombania. Waliomaliza ada ni 13, na ajabu ya Mungu wanaopiga kelele zaidi juu ya pilau sio hao 13. Najua posho ikichelewa mambo huwa magumu, hata kwangu ni hivyo hivyo, lakini mia moja kwa mwezi jamani. Mikutano nayo tunakaa watu tisa, kumi, wengine wanatuma udhuru saa ya kikao na ukitoka unawakuta wamekaa uwanjani Mkunguni.

Mwakani inshallah tunatarajia kupata vikao na wakuu wa madago ili wahudumu wa huko na wetu wawasiliane, na kuna mtu ametuahidi mafuta ya boti, tutaona. Tukijaliwa tutatafuta na ofisi.

Ada zitumwe kwa mweka hazina, msinitumie mimi, na ziwe zimeingia kabla ya Ramadhani. Na hiyo pawabanki irudi.

Wenu, mwenyekiti.