Harambee ya mtaji kwa akina mama wa kando ya mto Mathare

Wapendwa,

Jumapili hii baada ya ibada tunawachangia akina mama 30 wa kikundi chetu ambao hawajasimama tena kibiashara tangu mto Mathare hapa Nairobi ufurike Aprili 2024. Maji yalibeba makarai ya samaki, vyerehani, magunia ya viazi. Mwezi uliofuata tingatinga likabomoa yaliyobaki ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Waliohamishwa waliahidiwa shilingi 10,000 kila familia, na kwa anayehama hiyo ni kodi na amana ya nyumba. Mtaji haumo.

Wengine mmetuuliza kwa nini wasikope Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo midogo ya simu. Wanakopa. Tangu ianze Novemba 2022, riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, na kwa hilo tunashukuru. Ila mkopo wa kibinafsi huanzia shilingi 500 na hulipwa kwa siku 14. Mia tano utanunua nini soko la jumla la Marikiti? Halafu lazima uwe na kitambulisho na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na vitambulisho vya baadhi yao vilikwenda na maji. Hao ndio huishia kwa shailoki, mkopeshaji wa mtaani wa riba kali: alfajiri unachukua elfu moja, jioni unarudisha elfu moja na mia mbili. Hakuna tajiri wa Upper Hill anayekopa kwa bei hiyo! Mama ameamka saa tisa usiku, ameuza kutwa, na faida imelala kwa mwingine.

Tunatafuta shilingi 300,000, elfu kumi kwa kila mmoja, bila riba. Watadhaminiana watano watano na kurejesha kidogo kidogo kila Jumatano kwa miezi sita. Zikirudi, zinakwenda kwa wanaosubiri. Hesabu itabandikwa ukumbini kila mwisho wa mwezi. Wenye ulemavu watatangulia, akiwemo fundi wetu wa sare za shule anayetumia kiti cha magurudumu. Wateja wake bado wanamuulizia.

Asiye na pesa alete karai, mizani, au cherehani hata kuukuu, mradi inashona. Namba ya M-Pesa mtapewa na mweka hazina mwenyewe. Msitume kwa namba yoyote inayozungushwa WhatsApp, maana kila harambee ina matapeli wake. Mlio mbali, ahadi zenu zitufikie kabla ya Ijumaa jioni ili zisomwe pamoja na nyingine.