Apdeti za majaribio za Windows hazionekani? Usikimbilie kupiga Windows upya

Tiki ya kijani kwenye ukurasa wa Windows Update inawachanganya wateja wetu wengi. Mashine inasema iko sawa, haidai kitu, na mwenyewe ameshajiunga na Windows Insider, programu ya Microsoft ya kujaribu matoleo mapya kabla hayajatolewa kwa wote, tena anaona wenzake wameanza kutumia toleo jipya la majaribio. Hapo ndipo wengine wanaamua kupiga Windows upya, au wanaingia kwenye magrupu ya Telegram kutafuta faili la ISO (faili la kusakinishia Windows) lililopakiwa na mtu wasiyemjua. Tunaomba usifanye lolote kati ya hayo kabla ya kusoma hapa.

Tiki hiyo haidanganyi. Kompyuta inapouliza apdeti hujitambulisha kwanza kwa seva za Microsoft: akaunti gani, chaneli gani (kundi la majaribio ulilochagua), vifaa gani, ruhusa gani. Kwa jinsi ilivyojitambulisha, hakuna toleo inalostahili kupewa. Kwa hiyo mara nyingi upakuaji haujakwama popote, ila haujaanza kabisa.

Anza na jambo dogo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Dirisha dogo litakuonyesha namba ya toleo ulilonalo. Linganisha na tangazo la Microsoft la chaneli yako, siyo ya rafiki yako. Programu ya Insider imekuwepo tangu 2014 na matoleo yake hugawanywa kwa chaneli. Aliye kwenye chaneli ya Dev na aliye kwenye ya Beta wanaweza kuwa na namba tofauti kabisa na wote wakawa sahihi. Na hata mkiwa na namba moja, kitu kipya kinaweza kuonekana kwake na kwako kisionekane, kwa sababu Microsoft hufungulia watu vitu vipya kidogo kidogo. Kuna swichi kwenye Windows Update ya kupata mambo mapya mapema. Iwashe, kisha subiri. Hilo halihitaji fundi.

Namba ikiwa imebaki nyuma kweli, fungua ukurasa wa Windows Insider ndani ya mipangilio ya Windows Update. Angalia akaunti iliyounganishwa pale. Watu wengi hujiandikisha kwa barua pepe moja na kuingia kwenye kompyuta kwa nyingine, au wamebadili paswedi kwenye simu na kompyuta haijajua. Ukiona onyo kwamba akaunti ina tatizo, ingia upya hapo hapo, kisha izime na kuiwasha mashine.

Sababu inayofuata ndiyo tunayokutana nayo zaidi, na huwa imesababishwa na mkono wa mtu. Matoleo ya majaribio yanataka uruhusu kutuma taarifa za ziada za uchunguzi, swichi iliyoandikwa "Send optional diagnostic data" kwenye sehemu ya faragha. Ndiyo namna Microsoft inavyojua toleo limeharibu nini kwenye mashine za watu. Ukiizima, unajitoa kwenye foleni ya majaribio. Wengine hawajaizima wenyewe: walitumia vile viprogramu vya "kuifanya Windows iwe nyepesi", ambavyo huua huduma za kutuma taarifa na wakati mwingine huduma ya Windows Update yenyewe. Swichi inabaki ya kijivu, haibonyezeki. Juu yake kuna maandishi kwamba mipangilio inasimamiwa na taasisi yako, hata kama kompyuta umeinunua mwenyewe ikiwa mpya na haijawahi kuingia ofisini.

Maandishi hayo hayo yanaonekana pia kwenye laptopu za mtumba zinazotoka Uingereza au Dubai, zile zenye stika ya namba ya mali chini ya betri. Kama muuzaji hakufuta diski vizuri, sera za kampuni ya zamani, yaani mipangilio iliyoiwekea, bado zinaitawala mashine. Fungua Accounts, kisha "Access work or school". Ukikuta jina la kampuni usiyoijua, umepata jibu. Tunaweza kuondoa sera zilizoachwa na viprogramu, na tunaweza kusafisha diski ya mashine uliyoinunua kihalali. Laptopu ambayo bado ni mali ya mwajiri wako hatuigusi. Ongea na kitengo chao cha TEHAMA.

Kuna suala la bando pia. Mtu anayetumia hotspoti ya simu mara nyingi amewasha "Metered connection" ili Windows isimle data, na amefanya vyema kabisa. Lakini katika hali hiyo apdeti nyingi hazishuki zenyewe. Toleo zima la majaribio linaweza kula gigabaiti kadhaa, kwa hiyo zima swichi hiyo ukiwa kwenye Wi-Fi isiyo na kikomo, kisha uirudishe. Hakikisha pia diski ina nafasi ya kutosha. SSD ya GB 128 iliyojaa video itaanza kupakua, kisha ikatae kusakinisha.

Saa nayo iangalie. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa na mawasiliano salama na seva yanakataliwa. Kubadili betri ni kazi ya muda mfupi.

Sehemu ngumu kumwambia mteja ni ya vifaa. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka), RAM ya angalau GB 4 na, kwa Intel, kwa jumla prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Laptopu nyingi za kizazi cha 6 na cha 7 zimewekewa Windows 11 kwa njia ya kuruka ukaguzi. Zinafanya kazi za kila siku, lakini ukurasa wa Insider unazitambua na kuzizuia. Hatutachukua pesa yako kwa ahadi ya kulazimisha toleo la majaribio kwenye mashine ya aina hiyo, maana hata likiingia leo hakuna anayejua litakaloifuata litafanya nini.

Na kama kompyuta ndiyo unayotolea risiti, unayoandikia tasnifu au unayohifadhia hesabu za kikundi, ushauri wetu ni kukaa kwenye toleo la kawaida. Kutoka chaneli ya Dev kurudi chini kwa kawaida kunataka kufuta kila kitu na kuanza upya. Nafasi ya kurudi toleo lililopita huwa ni siku 10 tu baada ya kupandisha, na hupotea ukisafisha mafaili ya zamani ili kupata nafasi.

Ukiamua kutuletea, njoo na chaja, na nakala ya mafaili yako kwenye diski ya nje. Kama huna, tutaitengeneza kwanza kabla ya kugusa kitu. Paswedi usitutumie WhatsApp, utaiandika mwenyewe hapa kaunta. Ingia pia kwenye akaunti yako ya Microsoft uhakikishe unaona ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linaloficha data ya diski) wa mashine hiyo, kwa sababu baada ya mabadiliko kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya ubao mama, kompyuta inaweza kuuomba, na bila huo hata sisi hatuwezi kuifungua.