Taarifa za wabunge wa Texas zitaje hatua ya muswada

Mhariri,

Wabunge wa jimbo la Texas huwaandikia wapigakura wao kuhusu miswada bila kutaja imefika wapi. Kutaja namba ya muswada hakugharimu kitu: unaoanza na HB ni wa Baraza la Wawakilishi, SB wa Seneti. Mingi iliyopita kamati yake hufia kwenye kamati ya ratiba ya Wawakilishi, inayopanga miswada ipi ifike ukumbini, haipigiwi kura ukumbini, na hapo ndipo taarifa hunyamaza.

Muswada ukimfikia gavana mapema, ana siku 10 za kuamua, Jumapili zikiachwa. Asiposaini wala kuukataa, unakuwa sheria. Ukimfikia mwishoni mwa kikao, ana siku 20 baada ya Bunge kufungwa. Bila kura za theluthi mbili ya wabunge wa kila baraza, sheria haianzi kutumika kabla ya siku ya 91 baada ya Bunge kufungwa.

Msomaji, Houston