Mandabi nayo iwemo kwenye orodha ya filamu za zamani

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma orodha yenu ya filamu za zamani zinazofaa kutazamwa tena, na sina ugomvi na zilizomo. Za Kihindi ni zile zile tulizozililia, za Kimarekani zina heshima yake, na za karate kutoka Hong Kong hazijawahi kumharibia mtu jioni. Ila humo ndani sikuona hata moja iliyotengenezwa na Mwafrika. Nawaongezea moja: Mandabi, ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1968.

Ukimtajia mtu filamu ya Kiafrika ya miaka ile, anajiandaa kusikiliza mhadhara. Hii ni kichekesho. Inaanza na kinyozi wa mtaani akimnyoa Ibrahima Dieng, mzee mwenye wake wawili na asiye na kazi, anayetembea kwa maringo na kanzu lake pana. Wembe ukimaliza kichwa unaingia mpaka puani, na mzee katulia tuli. Nyumbani kwake mchele ni wa kukopa dukani, lakini akila anashiba, anabeua, wake zake wanamkanda. Mara inakuja habari kutoka posta: mpwa wake anayefagia barabara Paris ametuma hawala ya faranga 25,000. Barua imeshagawa kila kitu. 20,000 amtunzie kijana, 3,000 ampe mama wa kijana, na 2,000 tu ndizo zake. Lakini mtaa umesikia hiyo 25,000, na wakopaji wameshajaa mlangoni kabla fedha yenyewe haijaonekana.

Posta wanataka kitambulisho. Ili apate kitambulisho anahitaji picha na cheti cha kuzaliwa, na ili apate cheti anahitaji tarehe, naye anachojua ni kwamba alizaliwa karibu na mwaka 1900. Mpiga picha anapokea malipo, picha hazitoki, na mzee anapodai haki yake anaishia kutokwa damu puani. Wakati wote huo hawala ina siku zake. Zikipita inarudi ilikotoka.

Mwisho wake siusemi. Aliyewahi kuambiwa "njoo kesho, mtandao uko chini" atamtambua Dieng mara moja, na mwenye ndugu Oman au Ulaya atawatambua majirani zake. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba Sembène hakumfanya mzee wetu malaika anayeonewa. Ana majivuno, anafoka nyumbani, na wake zake, Mety na Aram, wanamzidi akili mara nyingi tu, bila yeye kujua.

Sembène alikuwa kuli bandarini Marseille kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya. Akaona riwaya zake za Kifaransa haziwafikii watu wa kwao wasiojua kusoma, akaenda Moscow kujifunza filamu akikaribia miaka 40. Mandabi ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza kuzungumzwa Kiwolofu, lugha ya kwao Senegal, ili hata muuza samaki aielewe. Leo wanaoijua ni wahadhiri na wageni wa matamasha, wanaoisoma kwa maandishi ya Kifaransa na Kiingereza chini ya picha. Na si kwamba imepotea. Nakala yake imekwishasafishwa na inapatikana.

Pendekezo langu ni kwamba wapewe watafsiri wetu wa vibanda umiza, yaani vibanda vya video vya mitaani, wanaosimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti yake. Lufufu hapa Tanzania na DJ Afro kule Kenya wamewafanya watu wacheke na kuogopa katika filamu ambazo lugha yake hawaijui hata neno moja. Najua wapo wanaosema sauti ya mtafsiri inaharibu filamu, na kwa baadhi nakubaliana nao: Yeelen ya Souleymane Cissé, ya mwaka 1987, singependa mtu aipigie kelele juu ya ukimya wake. Mandabi imejaa salamu, madeni, matusi na viapo vya uongo, na hayo ndiyo mtafsiri wa kibandani anayaweza. Ruhusa ya wenye haki iombwe, bila shaka. Kituo cha televisheni kinaweza kuiomba, au hata ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar.

Tena ipo ya kwetu isiyohitaji mtafsiri yeyote. Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, iliongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, na Amandina Lihamba yumo. Mariamu anaumwa, hospitali zimemshinda, mume anataka kumpeleka kwa mganga, naye waganga anawaogopa kwa sababu ya jambo lililotokea utotoni mwake. Ni ya nusu saa na kidogo, Kiswahili kitupu. Televisheni zetu zina nafasi ya tamthilia za Kituruki zisizoisha mwaka mzima, kwa hiyo nusu saa ya Mariamu siku moja ya Jumapili haiwezi kukosekana. Nanyi mkiandaa orodha nyingine, waulizeni wasomaji kwanza; nina hakika wapo watakaotaja ambazo hata mimi sijazisikia.

Msomaji wenu,
Mwanza